Kesi ya Mama Dativa

Mzee Adolf alikuwa amekaa juu ya kiroba chake cha mchele kwenye pantoni pale Kivukoni, masikio yake, kama kawaida, yako kwa watu wengine. Nyuma yake walisimama akina mama wawili.

"Mwanangu alichafua sketi darasani, mwalimu akamtoa nje mbele ya wavulana. Sasa shule hataki kuisikia. Mimi naenda mahakamani."

"Ukaseme nini, Mama Dativa? Kwamba mtoto alikuwa kwenye siku zake?"

"Ndiyo. Hedhi siyo kosa, na kusoma ni haki yake hata siku hizo."

"Haya. Hakimu ataandika. Lakini wale wazee washauri wanaokaa naye, mwenzangu, ukitaja damu tu wataangalia dari mpaka kesi iishe."

Mzee Adolf akashusha kofia mpaka puani. Mmoja wa wazee hao ni yeye, na ile dari anaijua mpaka buibui wake. Mabinti wanne amelea, mambo hayo yote akamwachia bibi yao, halafu mjini anaitwa mzee wa haki.

"Waangalie tu dari. Mimi nitasema."

"Watakucheka."

"Si wacheke."

Pantoni ikagusa ukingo. Mama Dativa akamwinamia. "Shikamoo babu. Mahakama ya mwanzo wanafungua saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Saa mbili. Ukifika, kila kitu kitaje kwa jina lake, hiyo... hiyo nanihii," akasema mzee wa haki, akaangalia juu, na juu hapakuwa na dari.