Ua la Perez Limekataa Kuchanua

Benchi la Dorca, muuza kahawa wa Nyalenda, limeegemea uzio wa Mzee Zadock, kwa hiyo anywaye kahawa hapo huitazama bustani ya mzee atake asitake. Ni kipande cha hatua nne kwa tatu, kimejaa mimea hadi mlangoni. Mzee hasemi sana. Asubuhi hiyo, hata hivyo, alisema: ua la samawati alilopanda mkewe, marehemu Perez, halijachanua tangu azikwe, mwaka wa tatu huu. Mwezi ujao anakwenda kaburini Kisian, na amechoka kwenda mikono mitupu.

— Hicho kitunguu kimezeeka, Jaduong', alisema Odongo akimgeukia mzee.

— Si kitunguu, alisema mzee. Ni agapanthus.

— Sawa, hiyo agapa. Shida ni mnara wa simu.

Odongo hufunga madishi ya televisheni; kijiweni anaitwa Satelaiti.

— Mionzi inashuka kidogo kidogo, akaendelea. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mnara gani, bana! alicheka Wakoli, fundi viatu waliyembatiza Profesa. Ni maji. Kiboko akikojoa kule ziwani Dunga, mfereji unatuletea sisi. Ua limepangiwa uzazi!

— Na hayo mengine yanachanua aje? aliuliza Odongo.

— Hayo yamezoea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Wacheni ujinga, alisema Dorca akimmiminia mzee kahawa. Mama Perez alikuwa akiliimbia. Mzee, wewe umenyamaza sana. Liimbie.

— Niimbe nini?

— Za kanisa. Ile sauti yako nzito.

Mzee Zadock alilifikiria jambo hilo zaidi ya alivyotaka waone.

Nasambu, muuza miche wa Otonglo, alikuwa amesimama kunywa kikombe kimoja tu aende zake. Aliinama juu ya uzio, akatenganisha majani.

— Halina ugonjwa, Mzee. Limenyimwa jua na hii mimea mingine. Ona, kitumba hiki hapa chini. Likifunguliwa nafasi leo, pengine utaliwahi kabla ya kwenda Kisian. Hii geraniamu ni ya nani?

— Pelagonia, alisema mzee kwa upole. Ni ya Dorca.

— Nilileta wakati wa matanga, Dorca akasema. Mama Perez aliacha neno: asiletewe maua ya plastiki, aletewe yenye mizizi.

— Na hii kana nyekundu?

— Yangu, alisema Odongo. Ya matanga pia.

— Hii salvia je?

Profesa alikuwa akikagua soli ya kiatu chake mwenyewe.

— Si nilitoa kwetu Bungoma, alisema. Nikaipakata njia nzima.

Nasambu alimaliza kahawa, akarudisha kikombe, akachukua jembe dogo lililolala kando ya uzio.

— Moja tu ikitoka, inatosha. Ning'oe ipi?

Odongo alitazama mnara. Dorca alisuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa. Mzee Zadock, aliyejua jina la kila mmea mle ndani, hakutaja hata moja.