Nilimfukuza Kazi Mtu Ambaye Sikumsikiliza

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Ndugu zangu, mnivumilie nikishika hiki kipaza sauti kwa mikono miwili, maana jambo ninalolisema leo ni zito.

Mimi ni Ndeshi, binti wa hapa hapa Old Moshi. Wengi mnanijua tangu nikiimba kwaya ya vijana. Nafanya kazi mjini, kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa. Niliingia pale kama mchapaji: napokea simu, nachapa barua, napeleka chai kwa wageni. Basi siku moja afisa rasilimali watu akaacha kazi ghafla, akamfuata mumewe Dodoma. Meneja akaniita, akasema, "Ndeshi, wewe unawajua watu wote hapa. Kalia kile kiti."

Ndugu zangu, nikakikalia! Sikuuliza kazi yenyewe inafanywaje. Sheria ya kazi sikuijua hata ukurasa mmoja. Kikao cha nidhamu sikujua kinaitishwaje. Nilichojua ni kwamba mlangoni kuna kibao, na watu walionipita umri sasa wananiita bosi. Nilikuja humu kanisani nikatoa shukrani ya kupanda cheo, na nyinyi mkanipigia vigelegele.

Lakini ndani nilikuwa na hofu! Hofu ya kugundulika kwamba sijui. Nikaifunika kwa ukali. Mtu akichelewa, barua. Akijibu vibaya, barua. Wafanyakazi wakanipa jina la Mama Barua, nami nikaona ni sifa! Na barua zenyewe nilizikuta kwenye kompyuta ya yule aliyenitangulia, nikawa nabadilisha jina na tarehe tu. Kabati la mafaili lilikuwa nyuma ya kiti changu. Sikulifungua ila nikitafuta karatasi za kuchapia.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa Uru, anaitwa Mzee Thadei. Alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa tangu mimi niko shule ya msingi. Mkatoliki wa sala, mpole, mtu wa kihamba chake cha migomba na ng'ombe wake wawili. Msimamizi wa zamu akaanza kuniletea malalamiko: mzee ana dharau. Anaambiwa asimamishe mashine, hasimamishi. Anaitwa, anaendelea kutembea. Nikamwandikia onyo la kwanza. La pili. La tatu. Kila mara alikuja ofisini, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi, akaondoka. Nikasema, huyu hata kujitetea hataki!

Asubuhi moja kahawa ikaziba mashine, ikamwagika sakafu nzima, huku msimamizi akimpigia kelele aizime. Nikashuka mwenyewe. Nikamfokea mzee wa watu mbele ya wenzake wote. Akanitazama mdomoni, kisha akatabasamu kidogo. Akatabasamu! Damu ikanipanda. Kufika saa sita mchana barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani. Sikuitisha kikao. Sikumwuliza hata neno moja.

Baada ya wiki kadhaa ukaja wito wa kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi. Nikaenda nikijiamini, nimevaa suti, faili la mzee nimelibana kwapani. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Mzee Thadei alikuwa ameketi na mkewe, Mama Anasia. Nikawapa shikamoo. Mama akaitikia. Mzee hakuitikia. Nikasema moyoni, mnaona? Dharau mpaka huku!

Msuluhishi akaniuliza, "Kikao cha kumsikiliza huyu mzee kilikaa lini?"

Nikalifungua faili, kana kwamba tarehe imo.

"Basi nipe muhtasari wake."

Nikaanza kupekua faili, na huku najua haumo. Nikapekua tu ili mikono iwe na kazi. Nikafika chini kabisa, kwenye karatasi ambazo sikuwahi kuzigusa. Nikaona barua yenye mhuri wa hospitali. Msuluhishi naye akaiona. Akasema, "Hiyo isome, sote tusikie."

Ndugu zangu, nikaisoma! Daktari ameandika kwamba masikio ya huyu mgonjwa yameharibiwa na kelele za mashine, kwamba yatazidi kuharibika, na kwamba aondolewe pale apewe kazi nyingine. Ilipokelewa ofisini kabla mimi sijakalia kile kiti. Miezi yote ile ilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wangu!

Mzee hakuwa na dharau, wapendwa. Mzee alikuwa hasikii! Alikuwa akisoma midomo. Alitabasamu kwa sababu hakuelewa ninachofoka, akajaribu kunituliza. Nimempa mtu maonyo matatu kwa kosa la kutosikia, na masikio yake tumeyaharibu sisi!

Mama Anasia akasema taratibu, "Nilitaka kuja kukukumbusha ile barua ya daktari. Akanikataza. Alisema wewe bosi mpya ukijua kwamba hasikii, utamfukuza."

Nikalia mbele yao, bila haya. Mama akamwinamia mumewe sikioni akamweleza kilichotokea. Mzee akanigeukia. Nikajua sasa nalaaniwa, na nikajua ni haki yangu. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia, "Mwanangu, mimi nilipopewa ile mashine, fundi alikaa nami mwaka mzima akinionyesha. Wewe kazi yako ulionyeshwa na nani?"

Nikatikisa kichwa. "Hakuna, baba."

"Basi pole."

Pole! Mimi niliyemfukuza ndiye ninayepewa pole! Ndugu zangu, nimekaa kanisani tangu utoto wangu, lakini siku ile ndiyo nilielewa rehema ni nini, na ilinishtua kuliko adhabu yoyote.

Tukakubaliana arudishwe, akae chumba cha sampuli ambako ni kimya, na kiwanda kigharamie matibabu yake. Nikarudi kwa meneja, nikamwambia kila kitu, nikamalizia, "Bosi, hii kazi siijui." Nilishaweka vitu vyangu kwenye mfuko. Akautazama ule mfuko, akasema, "Na mimi sikukuuliza kama unaijua." Akaniruhusu kwenda kusoma.

Nikaanza masomo ya jioni, nakaa dawati moja na watoto ambao ningeweza kuwa shangazi yao. Jaribio la kwanza la sheria ya kazi nilifeli! Nikataka kuacha. Mungu akaniletea Mama Foibe, afisa utumishi mstaafu anayeishi Rau. Kila Jumamosi mezani kwake yeye alijifanya mfanyakazi mwenye kesi, mimi nikaongoza kikao. Nikimkatiza kabla hajamaliza, ananiambia, "Anza upya." Siku ya kwanza nilianza upya mara saba! Akanifundisha kuuliza swali moja na kulisubiri jibu. Akanifundisha kusoma faili lote kabla sijafungua kinywa. Nikayasoma mafaili ya kiwanda kizima, na niliyoyakuta yalinikosesha usingizi: mama aliyekatishwa likizo ya uzazi, kijana aliyeomba vifaa vya kuziba masikio akajibiwa asubiri. Moja baada ya jingine, tunayarekebisha.

Leo nina stashahada yangu, namshukuru Mungu. Lakini sikusimama hapa kwa ajili ya cheti. Nimesimama kwa sababu nimefunguliwa! Nilikuwa mfungwa wa neno moja tu nililoshindwa kulitamka: sijui. Kwa sababu ya neno hilo nilikaribia kumnyang'anya mzee mkate wake.

Ndugu yangu, labda wewe ni msimamizi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kikundi, na umepewa kiti usichokijua. Kesho asubuhi usipandishe sauti. Mwamini Mungu, sema hujui, tafuta wa kukufundisha. Usiogope kwamba Mungu atakutupa. Mimi nilimfukuza mtu bila kumsikiliza. Mungu alikuwa na kila sababu ya kunifukuza mimi, akanisikiliza kwanza. Jina lake libarikiwe!