Soko la Duara la Mzee Kavumbi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Kavumbi Jefwa anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Picha, Mnarani, kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa jirani yake pale mapokezi, na sijamwona akichelewa kazini wala akirudi nyumbani na mikono safi.

Aliajiriwa kuchora mabango. Mwaka 1996 akapewa chumba cha duara achore ukuta mzima, ili mtu akisimama katikati aone soko la Kakuyuni limemzunguka. Kazi ilichukua miezi saba. Kwa kuwa alianza akichora mwanga wa asubuhi na kumalizia na wa jioni, pale ncha mbili zilipokutana akatokea muuza mihogo mwenye vivuli viwili. Mzee alikataa kumrekebisha. Alisema muuza mihogo hushinda sokoni kutwa.

Zilipokuja kamera za kupiga pande zote alijifunza nazo, akiwa tayari na mvi. Kamera hiyo haimwachii mpiga picha pa kujificha, ndiyo maana katika picha zetu za magofu ya Mnarani kofia yake imechomoza nyuma ya kila kaburi.

Mwaka jana tulipata miwani ya uhalisia pepe, ambayo ukiivaa picha inakuzunguka. Picha zilizomo, za soko lilelile la Kakuyuni, alizipiga yeye. Hata hivyo bodi ikaona chumba cha duara hakina kazi tena: ukuta upakwe chokaa, viwekwe viti vya kuvalia miwani. Mzee hakubishana. Alikonda tu, nasi tuliumia kumtazama.

Siku ya majaribio ya miwani, mbele ya wanabodi, alimwalika Bi. Kahonzi, mkulima wa Kakuyuni ambaye kila mwaka huwaleta wajukuu wake kuuona ukuta. Bibi akavaa miwani, akageuka huku na huku, akawasalimu watu wa sokoni. Kisha akapapasa hewani akimtafuta mjukuu aliyekuja naye.

"Ni pazuri," alisema, "lakini nimefika peke yangu. Kule ukutani twaenda sote."

Mzee akamshika mkono, miwani ikiwa bado usoni, akamwingiza chumba cha duara na kumwomba atusimulie aonacho. Bibi akasema kwenye kibanda cha nyanya sasa anauza binti; sisi tukamtafuta mama mtu ukutani, tukampata, tukabishana kuhusu kanga yake. Mwenyekiti wetu, Bw. Njenga, asiye mtu wa mzaha, alikaa sakafuni na kuuliza maswali hadi chai ikapoa. Tangu hapo ndivyo tufanyavyo: mmoja avaa na kusimulia, wengine watazama ukuta. Wanafunzi wa Matsangoni wamekuja mara tatu.

Barua ya bodi ya kuuhifadhi ukuta ilifika Jumatatu. Mzee aliisoma mara mbili, akaenda kuosha brashi zake. Aliyelia ni mimi.

Mzee wetu, ahsante. Mungu akuzidishie afya na umri, na shamba unalorudia likuitikie. Ukija kututembelea hutakata tiketi, ila miwani utaivaa, na kusimulia utasimulia.

Linet Moraa, Mapokezi