Namba Moja wa Uasin Gishu

Kazi yangu ni viatu, na benchi iliyo mbele ya kibanda changu hapa mtaa wa West Indies niliiweka ya wateja. Wateja wenyewe wanasimama. Wanaoikalia ni Wanyama, tunayemwita Profesa kwa sababu alisomea ualimu muhula mmoja. Nyongesa, dereva wa lori, jina lake la utani Ramani. Na Bashir, ambaye angalau huja na birika la kahawa ya tangawizi. Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Murunga alinipa kiatu chake cha kushoto. Murunga ni mwashi, tunamwita Pimamaji, maana ukuta wake haujawahi kwenda kombo. Nikageuza kiatu nikaona ncha imelika kama ya mtu anayeburuta mguu. Na mwezi jana nilishona hapohapo. “Fanya haraka,” akasema. “Saa tano naenda kupigwa picha ya kichwa. Daktari anashuku MS.” Basi benchi ikawaka.

Bashir: MS ndiyo nini?

Pimamaji: Kinga ya mwili inakula ngozi ya mishipa ya fahamu. Daktari amesema ni kama waya ya stima ikichunika. Mguu unakufa ganzi, jicho linaona ukungu. Wiki ya tatu hii siwezi kupanda ghorofani.

Ramani: Zii! Hiyo ni ya wazungu! Nilisikia kwa redio. Huko juu kabisa, Norwe, Kanada, wako wengi mpaka wana vyama. Ukiteremka wanapungua, wanapungua, ukifika kwa Ikweta, hakuna kitu!

Profesa: Ni jua. Jua la kwetu linachoma hiyo kitu kabla ikuguse. Na Ikweta si iko hapo tu upande wa Timboroa? Kuna bango. Ugonjwa ukifika kwa bango unageuza.

Mimi: Unageuza unaenda wapi?

Profesa: Mulongo, shona kiatu.

Bashir: Ngojeni, ngojeni! Kama huku haiko, na Murunga anayo, si huyu ni wa kwanza? Wallahi, namba moja Uasin Gishu nzima!

Hapo wazimu ukatupanda, nami nikiwemo. Watu wa mji huu ukiwaambia “namba moja” wanatafuta kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kumpokelea mkimbiaji aliyeshinda. Ramani alisimama akampa Murunga mkono. Bashir akamjazia kikombe cha bure, jambo ambalo sijaliona tangu tujuane. Sindano ikanisimama mkononi.

Ramani: Ukitoka kwa mashine ya picha tunakupokea kama wakimbiaji! Na nyimbo!

Pimamaji: Mimi sitaki rekodi, jamani. Nataka mguu.

Profesa: Tulia. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Bashir: Hiyo si ya wageni wa kuja kula?

Profesa: Ugonjwa pia ni mgeni! Swali ni, aliingilia wapi? Pimamaji hajawahi kupanda ndege. Kwa hivyo kuna kitu ya huko imemgusa. Hicho kiatu ni mitumba?

Pimamaji: Ni mitumba.

Profesa: Si nilisema! Mzungu mgonjwa alikivaa, jasho likabaki ndani! Mulongo, soma kimetoka wapi!

Nilikishika kwa ncha za vidole, aibu yangu hiyo, nikasoma lebo.

Mimi: Vietnam.

Ramani: Vietnam iko Ulaya?

Profesa: Iko... hapana. Basi hana hiyo MS! Samaki mmoja akioza wote wameoza. Huku hakuna hata mmoja ameoza, sasa yeye atatoa wapi? Hiyo ni uchovu wa mawe. Wachana na mashine. Kuna mama mmoja huko Kapseret anakanda mgongo, wiki mbili uko ghorofani.

Murunga aliangalia barua ya hospitali, akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni. Uso wake ulilegea. Mtu akiwa na hofu hupenda sana kudanganywa.

Pimamaji: Basi siendi. Kama haiko huku, haiko. Mulongo, usiharakishe.

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe.

Tukiwa bado tunashangilia, boda ikamshusha mwanamke wa miaka kama thelathini, mkononi bakora.

— Hamjambo, wazee. Naitwa Linah. Fundi, nigongee hii soli kabla niende kliniki. Na mnashangilia nini?

Ramani: Huyu karibu awe mtu wa kwanza Uasin Gishu kushikwa na MS! Lakini tumegundua huku haiko.

Linah alianza kucheka, kisha akaacha.

Linah: Mimi niko nayo mwaka wa sita. Mitatu ya kwanza nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikaombewa, nikakandwa. Jicho hili lilienda nikingoja.

Profesa: Kwani ulikaa ng'ambo, dada?

Linah: Nimekaa Ainabkoi. Ndege naionanga ikipita juu. Na hilo bango la Ikweta si mbali na kwetu. Sasa nyinyi mnaohesabu, mimi niko namba ngapi?

Bashir alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Mimi niligeuza kiatu cha Linah. Cha kushoto, ncha imelika. Nikakiweka kando ya kile cha Murunga, naye akaviangalia. Kisha akatoa barua mfukoni, akaikunjua.

Pimamaji: Mulongo, shona. Picha yangu ni saa tano. Saa ngapi sahii?

Mimi: Saa nne na robo.

Linah: Kliniki yangu na mashine ya picha ziko jengo moja. Tutaenda pamoja.

Nilishona viatu vyote viwili kwa dakika kumi na tano, sijawahi kushona hivyo. Walipoondoka ndipo nikamkumbuka Nabalayo wa mboga. Mwaka jana aliniletea kiatu cha kulia mara nne, ncha imelika hivyo hivyo, na sisi hapa kwa benchi tukasema ni pombe. Nikamwambia Ramani aniangalilie kibanda, nikaenda sokoni kumtafuta.