Mwalimu Aliyefuta Saini Yake

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Utotoni alitupanga kwenye ngazi za nyumba akatufundisha hesabu. Mimi ninayewasomea wasifu huu wa marehemu, kitinda mimba, nilifeli kila siku, na hakuwahi kunionea huruma hata ya alama moja.

Alimaliza sekondari mwaka 1984, kisha akasomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu. Mwaka 1989 alipangiwa shule ya watoto wenye ulemavu, akadumu katika darasa la mwisho wa korido kwa miaka thelathini na minne.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza soketi ya darasa hilo. Shemeji alirudi mara tatu kukagua soketi iliyokwisha kupona. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 shule ililetewa programu ya akili mnemba ya kupima uwezo wa wanafunzi na kuandaa ripoti zao. Marehemu aliipenda, maana ilimpunguzia makaratasi. Februari 2022 programu hiyo ilipendekeza binti mmoja aondolewe kwenye darasa la miaka miwili la kujiandaa na mtihani wa taifa. Binti huyo hasemi; hujibu kwa kugusa herufi kwenye skrini, kwa kidole kimoja kinachotetemeka. Programu ilihesabu sekunde, na kila jibu lililochelewa ikaandika kwamba hajui. Siku hiyo dada alikuwa na ripoti thelathini na moja mezani. Alizitia saini zote bila kuzisoma.

Wiki ya tatu, mama wa binti alifika shuleni.

"Mwalimu, hiyo mashine haimjui mwanangu. Na wewe je?"

"Nimekosea mimi, mama. Saini ni yangu."

Aliifuta saini hiyo mbele yake. Kisha akamuuliza binti upya maswali yote hamsini, bila kuangalia saa. Walimaliza kesho yake. Binti alipata arobaini na moja. Mkuu wa shule alidai orodha ya darasa hilo imeshafungwa, dada akamganda hadi akaifungua. Programu aliendelea kuitumia, lakini hakutia saini tena ripoti ya mtoto ambaye hajakaa naye hadi jibu la mwisho. Kosa lile lilimuuma sana, na hakuwaficha walimu wapya.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alifundisha hadi Novemba, binti alipofanya mtihani. Januari mama wa binti alileta matokeo wodini: amefaulu. Dada alilia mpaka muuguzi akadhani maumivu yamezidi. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka, na sisi wadogo zake wawili. Anayefuata kuzungumza ni yule binti. Ataandika hapa hapa mbele yetu, herufi moja moja, na mtu yeyote asimmalizie.

Mungu ampumzishe dada yetu. Sisi tukae, tumsubiri.