Marehemu Reuben Masila Ngui na Madirisha Yake ya Kutokea

Marehemu Reuben Masila alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969 hapa Muthetheni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ngui na marehemu Mama Mbinya. Mama yake alikuwa anasema huyu alitoka kabla mkunga afike, na tangu siku hiyo hakukubali kufungiwa mahali popote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba, zile siku alikubali kukaa ndani ya darasa. Mwalimu mmoja alifunga mlango kwa sababu yake, akapitia dirishani. Mwalimu akamwambia Mama Mbinya, "Huyu atakuwa mwizi ama fundi." Mungu akachagua.

Mwaka wa 1987 alienda Kyumbi kujifunza kuchomelea chuma, na 1993 akafungua karakana yake ya jua kali kando ya barabara. Miaka miwili baadaye duka la jirani yake, Bwana Kisilu, lilishika moto mwenyewe akiwa amelala ndani. Dirisha lilikuwa na grili nzito, kazi safi kabisa, na aliyeitengeneza ni Masila. Aliikata kwa msumeno wa chuma huku Kisilu akimlaani kutoka ndani. Kisilu alitoka mzima, bila nyusi. Yuko hapa leo, na nyusi zilirudi, kiasi.

Kutoka hapo kila grili ya Masila ilikuwa na kipande cha kufunguka, komeo likiwa upande wa ndani. Wateja wakilalamika kuhusu wezi, alikuwa anawaambia, "Mwizi atabeba TV. Moto utakubeba wewe."

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Peris Mutheu, binti wa Masinga. Bibi arusi alipoonyeshwa jikoni, aliona dirisha na komeo lake, akamuuliza, "Hii umeniwekea ya kutoroka?" Masila akajibu, "Ndiyo. Ukibaki, nijue umependa." Mungu aliwabariki na watoto wawili, Mutanu na Musyoka.

Jumanne tarehe 14 Januari 2025, akifunga grili kwa gorofa moja Kyumbi, ngazi iliteleza. Mbavu zilivunjika na moja ikatoboa pafu. Akalazwa ICU ya hospitali moja, paipu kooni na ingine ubavuni. Mtu ambaye alikuwa analala dirisha wazi hata Julai, sasa alilala mahali dirisha halifunguki kabisa. Hata hivyo akaanza kupona. Paipu ya koo ikatolewa, naye akarudia kazi yake ya kutania manesi.

Halafu mgonjwa wa kitanda cha kando akashikwa na homa. Ngozi ikawa nyekundu kama ya mtu amemwagikiwa maji moto, ikaanza kuchubuka, na akafariki. Akafuata mwingine. Daktari alituelezea polepole: ni bakteria inaitwa stafu. Watu wengi wako nayo kwa pua na kwa ngozi bila shida, lakini hii ilikuwa inatoa sumu. Inaingia kwa vidonda na kwa paipu, na inatembea kwa mikono, kitanda hadi kitanda. Dawa inaweza kuua bakteria na sumu iendelee na kazi. ICU ikafungwa, hakuna kuingia. Masila akapimwa, na ilikuwa tayari kwa kidonda cha ubavu, ingawa homa haikuwa imekuja.

Familia ilipata kitanda hospitali nyingine, atoke hapo watu walipokuwa wanafia. Lakini huko hakukuwa na chumba cha peke yake, na wakijua ana hiyo stafu wangekataa. Shemeji yake Muema, ambaye amekubali hii isomwe, alisema, "Si lazima wajue. Tuseme tu ni mbavu." Ambulensi ikaja. Masila akisema anataka kutoka, daktari hangeweza kumzuia.

Mutheu alisimama nje ya kioo cha ICU na simu. Ndani, nesi Mwelu alimshikia Masila simu sikioni.

"Baba Mutanu, gari iko hapa nje. Sema ndiyo utoke."

"Huko naenda, wanalala wangapi kwa chumba?"

"Wanane. Hiyo inakuhusu nini?"

"Mama Mutanu, hii kitu iko kwa mwili yangu. Nikilala katikati yao, nimewafungia ndani na moto."

"Na mimi?"

"Ile dirisha ya jikoni hujawahi kuitumia."

"Na unajua ni kwa nini."

"Najua."

Ambulensi ilirudi tupu. Mutheu alibaki hapo kwa kioo akimwita mjinga kwa Kikamba, na Mwelu, ambaye ni Mkamba mwenzetu wa Mwala, akajifanya haelewi.

Homa ilikuja Ijumaa. Presha ikashuka, figo zikakataa, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025 Masila akafariki. Wale watu wanane hatuwajui hata majina. Walirudi kwao, ama hawakurudi, lakini si kwa sababu yake. Mutheu anaomba leo mtu asimwambie kwamba alikuwa na shujaa. Alitaka mume.

Ameacha mjane Peris Mutheu, watoto Mutanu na Musyoka, mjukuu mmoja, ndugu zake Muindi na Kalekye, shemeji Muema, na madirisha mengi kutoka hapa hadi Kyumbi.

Nyumba anaingia leo ndiyo pekee hakuiwekea mahali pa kutokea. Hiyo kazi tumemwachia Mungu. Pumzika, fundi, na iwe kwa amani.