Dada Kengele, Mpiga Debe wa Fainali

Wafiwa wenzangu, majirani zetu, wafanyakazi wa uwanja, na ninyi mliokuja mmevaa jezi kwa kuwa mlijua marehemu asingependa muziache nyumbani, familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, mimi mdogo wake tuliyeachiana naye ziwa, niliyekuwa pia dereva wake tangu alipoanza kazi ya matangazo, na naomba mnivumilie nikijikwaa, kwa sababu miaka yote hiyo yeye ndiye alikuwa na kipaza sauti na mimi nilikuwa na usukani.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Septemba 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi magodoro na mkewe, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, na mama alizoea kusema kwamba siku hiyo mkunga hakuwa na haja ya kutoka nje kuwapa watu habari njema, maana mtaa mzima ulikuwa umeshajisikilizia. Babu ndiye aliyempa jina la Kengele, na jina lake la kwenye cheti likabaki kwenye cheti.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza sekondari mwaka 1976, na kwa masomo alikuwa wa katikati, lakini walimu wa msingi walimkumbuka kwa jambo moja. Mwaka 1971 ilipangwa fainali ya mbio za vijiti kati ya darasa la sita na la saba, na hakuna mtu aliyekuwa na habari nayo, ndipo yeye alipopita darasa hadi darasa akieleza kwamba mkimbiaji wa mwisho wa la sita atakimbia peku, na wa la saba ameahidi kumpita huku anatabasamu, na siku ya mbio hata wapishi waliacha moto, mwalimu mkuu akapanda juu ya kiti ili aone vizuri.

Tarehe 5 Machi 1979 aliajiriwa uwanja wa mpira kama mkata tiketi, katika kile kibanda cha bati chenye dirisha dogo kiasi kwamba mteja alimwona mikono na kidevu tu. Mwaka 1984, wiki ya fainali kati ya timu za Radi na Nyuki, mtangazaji wa gari la matangazo aliacha kazi ghafla, meneja akabaki ameshika kichwa, na dada akatoka kibandani akamwambia, "Nipe hicho kipaza sauti, na mdogo wangu ana leseni." Kabla ya siku hiyo matangazo yalikuwa timu fulani na timu fulani, saa fulani, basi, lakini yeye tulipofika sokoni aliwasha mashine akasema, "Jamani, yule kipa wa Radi aliyepitishiwa mpira katikati ya miguu mwaka jana amesema safari hii hata sindano haipiti, njooni mhakikishe wenyewe." Tiketi zilikwisha kabla ya siku ya mchezo, na kipa mwenyewe alikuja dirishani akainama.

"Dada, mimi sijasema maneno yale."

"Basi yaseme sasa hivi, kaka, watu wako njiani."

Kipa alicheka mpaka akashika ukuta, akayasema, na siku ya fainali kweli haukupita hata mmoja. Hata hivyo dada aliniambia garini kwamba amebahatika, kipa mwingine angempeleka polisi, na kuanzia hapo kila fainali ilipokaribia tulizunguka kwanza mazoezini na majumbani kwa wachezaji, akiwasikiliza, na alilolisema mtaani lilikuwa limetoka vinywani mwao.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mshika kibendera wa pembeni, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima dada aliyamaliza kwa kifungua kinywa. Watu waliuliza wataelewanaje, lakini nyumbani kwao palikuwa na utaratibu, dada akitia chumvi kwenye hadithi, shemeji aliinua mkono wake wa kulia juu kimyakimya, kuashiria ameotea, naye anarudi nyuma kusimulia upya. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume wawili na binti mmoja kitinda mimba, na wajukuu wanne.

Sasa nifike mwaka 1996, maana najua wengi mnaungoja. Radi na Nyuki walikutana tena fainali, na mshambuliaji wa Nyuki alikuwa kijana aliyekulia Radi, akaachwa na Radi alipoumia goti, akapona, akasajiliwa upande wa pili. Mratibu wa mashindano aliona hapo pana moto wa kuuza, akajaza kuta zote mabango yenye maneno SIKU YA MSALITI, akampa dada karatasi ya kusoma. Dada hakuipenda, lakini kazi ni kazi, na asubuhi ya Jumatano tarehe 19 Juni aliisoma kama ilivyo, tukaona barabara inachangamka kuliko miaka yote, vijana wanakimbia nyuma ya gari, ngoma za makopo, filimbi, na mimi nakiri nilikuwa nacheka kwa raha pale usukanini. Tulipokata kona ya mtaa wa mafundi cherehani, wale vijana walitupita, wakaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mama yake yule mchezaji, na jiwe la kwanza likapasua kioo.

Dada akaniambia, "Simamisha gari mlangoni, karibu kabisa." Nikamwambia watatuvunja na sisi. Akasema, "Sauti iliyowaleta ni yangu, simamisha." Niliweka gari kati ya mawe na mlango, akashuka na kipaza sauti, waya unaburuzika, akagonga, na yule mama akafungua akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Dada hakuwafokea vijana, alimsogezea mama kipaza sauti akamuuliza kwa upole anafanya kazi gani humo ndani.

"Nashona," akasema mama, na spika zikaipeleka mtaa wa pili. "Namba za migongoni za Radi nazishona mimi, tangu mwanangu hajazaliwa. Za Jumapili hizi hapa mezani, vioo vimeangukia namba tisa yenu. Na za Nyuki ziko kwenye kapu lile, kwa sababu na wao hawana fundi mwingine. Sasa mnaoipiga nyumba mawe, ni timu gani nyinyi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kikaenea, na yule aliyerusha jiwe, kijana mwenye jezi ya Radi, akaombwa na wenzake aingie ndani akafagie vioo, akaingia akafagia. Dada alipanda garini, karatasi ya mratibu akaikunja, na kuanzia kona ile hadi jua linazama tangazo likawa jingine kabisa, kwamba Jumapili kuna cherehani moja na timu mbili, kwamba mama mmoja amewavalisha wanaume ishirini na wawili na mmojawapo amemzaa, na anataka kujua kazi yake ipi itachanika kwanza. Jiji lilipagawa, wasiojua mpira waliuliza tiketi, na wanawake walikuja kwa makundi kumwona fundi.

Mratibu alimfukuza kazi jioni ileile. Jumapili tarehe 23 Juni uwanja ulifurika hadi kwenye kingo za kuta, Nyuki wakatangulia kwa bao la yule kijana, Radi wakasawazisha watu wameshaanza kusimama, wakashinda kwa mikwaju ya penalti, na fundi aliyepewa kiti cha mbele alishangilia mabao yote mawili, akisema kila namba iliyofunga ni uzi wake. Jumatatu mratibu akaja nyumbani kwa dada, mpole, akamwambia, "Ile hadithi niliyokuandikia imefanya kazi." Dada akamjibu kwamba hata karatasi yake imefanya kazi, ameiweka chini ya mguu wa meza, na meza imetulia. Alirudishwa kazini.

Mwaka 2018 sauti ilianza kukwaruza, tarehe 11 Februari 2019 madaktari wakamtoa uvimbe kooni, na kutoka hapo alibaki na mnong'ono tu. Tulidhani amekwisha, lakini fainali ya mwaka ule alimkalisha binti yake katikati yetu, akawa anamnong'oneza sikioni na binti anapaaza, na binti akipoozesha maneno, mama mtu anapiga dashibodi kofi.

Ugonjwa ulirudi Januari mwaka huu, akalazwa tarehe 22 Aprili. Jumatatu iliyopita binti aliinama kitandani kupokea tangazo la mwaka huu, timu ya Tanuri ikiwa imeingia fainali kwa mara ya kwanza tangu iundwe, na dada akanong'ona, "Waambie nahodha wa Tanuri amesubiri siku hii tangu hana ndevu, leo zina mvi. Waulize, wao wana shughuli gani Jumapili?" Jumatano tarehe 8 Mei 2024, saa tisa alasiri, alifariki, shemeji akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa zamu ya mchana aliyemfungulia dirisha asikie gari letu la matangazo likipita, majirani mliopika na kulala nasi, wenzake wa uwanjani, na wachezaji wa timu zote mliobeba jeneza.

Jana viongozi wa timu mbili walikuja nyumbani kuuliza kama fainali ya kesho iahirishwe kwa heshima yake, sote tukamtazama shemeji, naye akafikiri, akasema, "Mke wangu ameshawaita watu." Basi mchezo upo kesho saa kumi, na milango itafunguliwa saa sita.

Pumzika, dada, ulale kwa amani, huku sisi tukienda kujaza uwanja.